Maswali Matatu ya Mama Wengi

Karani wa kliniki ya meno alifika kumchukua mwanawe saa kumi na moja na robo, akiwa amechelewa dakika kumi na tano na ameshaandaa maneno ya kuomba radhi. Hakuyatumia. Mama Wengi alikuwa sebuleni akikunja vigodoro. Ukutani kulikuwa na misumari kumi na minne ya kutundikia mifuko, kila mmoja na mchoro wake juu, na mfuko uliobaki ulikuwa mmoja tu, wa mchoro wa sungura. Wa mwanawe ulikuwa wa jogoo.

"Hee, mama Chiriku! Umesahau kitu?"

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Si bibi yake ameshamchukua?"

"Bibi yupi?"

Mama Wengi alicheka, kwa sababu swali hilo aliwahi kuulizwa na wazazi wengi ambao watoto wao wana bibi wawili. "Mama yake baba yake. Saa nane kasorobo. Mrefu, ana pengo hapa mbele. Amevaa vizuri, ana adabu zake. Nilikupigia, simu haipatikani."

"Simu yangu hukaa kwenye droo, imezimwa, saa za kazi."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nikamhoji. Wewe unanijua, mimi mtoto simtoi hivi hivi. Nimemwuliza yote matatu."

Maswali matatu ya Mama Wengi yalijulikana na kila mzazi. Mtu asiyemfahamu akija kuchukua mtoto, hakuombwa kitambulisho, maana kitambulisho, alisema yeye, kinaeleza mtu ni nani lakini hakielezi anamjua nani. Aliulizwa nyumbani mtoto anaitwaje, kitu gani hakili, na usiku halali bila nini. Mwaka uliopita mjomba mmoja, mjomba wa kweli kabisa, alirudishwa mlangoni kwa kutojua kwamba mpwa wake hali yai. Habari hiyo ilipoenea, Mama Wengi aliletewa watoto wapya watatu.

"Akajibu?" karani aliuliza.

"Bila hata kufikiri. Anaitwa Chiriku. Hanywi maziwa yenye utando. Halali bila soksi yake ya kijani. Akaniambia na tundu la kidoleni. Sasa mtu akikutajia mpaka tundu, utamkatalia kwa lipi?"

Karani alikaa kwenye kigoda cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Yule mama," alisema, "mara ya mwisho kumwona mwanangu, mwanangu alikuwa na miezi saba. Soksi hiyo nimeinunua mwaka huu."

Mumewe Mama Wengi, fundi wa majokofu, alitokea uani na bisibisi mkononi. Alimtazama mkewe, akamtazama yule mama kwenye kigoda, akaweka bisibisi juu ya rafu ya viatu vya watoto.

"Twendeni polisi," alisema. "Mengine tutaulizana njiani."

Sajini aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni. Aliandika taratibu. Jina la mtoto, umri miaka mitatu na nusu, gauni la rangi ya maji ya bahari, viatu vyeupe. Baba wa mtoto?

"Kuna amri ya mahakama," karani alisema. "Haruhusiwi kutukaribia. Mkono huu alinivunja yeye. Nimehama miji miwili. Namba ya simu nimebadili, kazi nimebadili. Hakuna ndugu yake hata mmoja anayejua niko wapi."

Mama Wengi aligeuka kwenye benchi. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekwambiaje? Fomu yako ina mahali pa jina la baba. Nilipiga mstari. Ulisema hakuna neno, wengi hupiga mstari."

"Tuendelee," sajini alisema. "Haya mambo matatu, nani aliyajua?"

"Mimi," karani alisema.

"Na mimi," alisema Mama Wengi.

"Na nani mwingine?"

"Hakuna, afande. Naapa. Hata mume wangu hayajui, mwulize."

"Siyajui," fundi alisema. "Mimi watoto wenyewe nawachanganya."

Binti wa fundi na Mama Wengi, aliyefuatana nao, alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, alimaliza chuo mwaka juzi, na tangu hapo alikuwa akingoja kazi. Alifungua mdomo, akaufunga.

Sajini alivua miwani. "Ngoja kwanza. Mama Wengi. Wewe ndiye yule wa kwenye simu? Wa watoto wanaokula?"

"Ndiye mimi."

"Mke wa mwenzangu hapa anakufuatilia. Akiamka tu, Mama Wengi, Mama Wengi."

Na Mama Wengi, mbele ya mama ambaye mtoto wake hakujulikana aliko, alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo la kawaida, la mtu aliyesifiwa kazi yake. Lilikaa usoni muda wa pumzi mbili. Kisha aliona sajini ametoa simu mfukoni na anaandika jina lake, na lile tabasamu likabaki pale halina mwenyewe.

Video hizo zilianza kwa sababu ya tusi. Baba mmoja alisema hadharani kwamba chakula cha watoto kinaishia tumboni mwa familia ya mlezi. Tangu siku hiyo, kila saa nne asubuhi, Mama Wengi alipiga video ya watoto wakila, sahani baada ya sahani hadi zikaisha, akaitupa kwenye kundi la wazazi. Ilikuwa risiti yake. Binti yake ndiye aliyeona hasara ya kitu kizuri namna ile kutazamwa na familia kumi na nne. Alifungua ukurasa ulio wazi kwa kila mtu, akaweka muziki, akaandika majina ya watoto juu ya vichwa vyao kwa herufi za rangi. Katika mwaka mmoja na miezi miwili ukurasa ulikuwa na wafuasi elfu kumi na moja na mia nne, na foleni ya wazazi waliongoja nafasi ilifika mwezi wa sita mwakani.

Sajini aliilaza simu mezani ili wote waone. Video ya kwanza ilimwonyesha Chiriku akisukuma kikombe, na sauti ya Mama Wengi ikicheka nyuma ya kamera: "Chiriku wetu na utando, maadui wa kudumu!" Ya pili ilikuwa ya wakati wa usingizi wa mchana. Mtoto alikuwa amelala chali, soksi ya kijani imevishwa mkononi, kidole gumba kimetokeza kwenye tundu. Hiyo ilikuwa na mioyo elfu sita.

"Haya matatu tayari," sajini alisema. Hakuinua sauti. "Tusome maoni."

Aliyetoa maoni mara nyingi kuliko wote alijiita Bibi wa Wajukuu. Picha yake ilikuwa ua. Aliandika karibu kila siku. *Huyu mchangamfu anaitwa nani jamani?* Akajibiwa: *Ni Chiriku, bibi yetu, haishi maneno huyu!* Miezi mitatu baadaye: *Nina mjukuu nataka kumleta, mko wapi?* Akajibiwa: *Karibu sana bibi. Nyuma ya kiwanda cha chupa, geti la bluu, mkabala na fundi matairi. Tunafungua saa moja, watoto wanatoka saa kumi na moja.* Na mwishoni vialama viwili vya mikono iliyounganishwa.

"Nani aliandika majibu haya?"

"Mimi," binti alisema kutoka mlangoni. "Nilidhani ni mteja."

"Kwa hiyo mimi..." Mama Wengi alianza. "Kwa hiyo mimi nilipomwuliza..."

"Ulimwuliza maswali ambayo majibu yake ulikuwa umeshampa," sajini alisema, akavaa miwani.

Karani aliinamia simu. Alikuwa akiitazama ile soksi mezani. Video ilipokwisha ilijirudia yenyewe, na hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.

Picha ilihitajika ya kutuma kwenye vituo vya mabasi. Karani alikuwa na picha nne tu za mwanawe, zote za usiku, zina giza. Tangu ahame alikuwa na woga wa kumpiga picha. Hatimaye sajini aliikata picha kwenye ukurasa wa Mama Wengi, mtoto ametazama mbele, meno yote nje. Ikatumwa kwa kila askari wa zamu. Saa moja kasorobo askari mmoja wa stendi kuu alimtambua mtoto kwenye dirisha la tiketi za basi la usiku, akimweleza mkata tiketi habari za jogoo.

Waliletwa pamoja, bibi na mjukuu, kwenye gari moja. Chiriku alikuwa na biskuti kila mkono. Alimpa mama yake moja, akauliza kwa nini analia na hajaanguka. Karani alimbeba, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kitu kilichotoka kwa fundi, akamkandamiza begani hadi mtoto akalalamika.

Bibi alikalishwa ng'ambo ya meza. Alikuwa vile vile kama Mama Wengi alivyomweleza: mrefu, pengo mbele, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi.

"Mimi sikuiba mtoto," alisema. "Huyu mlezi aseme. Nilibisha hodi mchana kweupe. Akaniuliza maswali, nikajibu. Ningeshindwa angenifukuza. Sikushindwa."

"Ulikuwa unampeleka wapi?"

"Kwa baba yake. Ananisubiri kule nitakaposhuka."

"Unajua kuna amri ya mahakama?"

"Amri inamhusu mwanangu. Mimi nimeandikwa wapi?" Alimgeukia Mama Wengi, na sauti yake ikawa ya upole, ya mwanamke kwa mwanamke. "Wewe nakushukuru, mwenzangu. Nilinyimwa mjukuu wangu miaka mitatu. Wewe ndiye umenipa: video yenu ilinitokea kwenye simu, nikaona uso wa mwanangu alipokuwa mdogo. Kila siku saa nne naacha shughuli zangu zote nakaa na simu. Jino lake la mwisho limeota mimi naona. Huyu mtoto mimi nimemlea humo humo kwenye simu. Na binti yako Mungu ambariki, hajawahi kuniacha bila jibu."

Mama Wengi aliangalia mikono yake.

"Mwanao," karani aliuliza, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kusema na mkwewe, "anajua tunapokaa?"

"Pa mlezi anapajua. Nilimtumia ile video ya getini, mliposherehekea rangi mpya."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Sasa ulikuwa mwezi wa tisa. Karani alihesabu kimyakimya, na wote chumbani waliona anahesabu. Kwa miezi sita alikuwa akitoka kwenye lile geti la bluu kila jioni, mtoto mkononi, akipita njia ile ile hadi chumbani kwake, akiamini hakuna anayemjua duniani.

Asubuhi iliyofuata sajini alimwita Mama Wengi peke yake, lakini walikuja watatu. Alikuwa na karatasi iliyochapwa.

"Nitakusomea, halafu nitakueleza kwa maneno ya kawaida. Kuchapisha picha au habari za mtoto, mahali panapoonwa na watu wote, bila idhini ya maandishi ya mzazi wake, ni kosa. Kila mtoto ni kosa lake. Ukifanya kwa biashara, ni zaidi."

"Kosa la polisi?" Mama Wengi aliuliza. "La kupelekwa mahakamani?"

"La mahakamani. Faini au kifungo, hilo ataamua hakimu."

"Afande, mimi nimelea watoto miaka tisa. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyeungua. Wazazi wenyewe walikuwa wanafurahi! Fungua uone, kila video wameweka moyo. Hata huyu mama Chiriku, fungua uone. Moyo, moyo, moyo."

"Nimeona. Moyo si saini."

"Si mama aliyeandika," binti alisema. "Ni mimi. Ukurasa nimeufungua mimi. Andika mimi."

"Umefunguliwa kwa namba ya nani?"

"Ya mama."

"Basi nitawaandika wote wawili. Msigombanie, nafasi ipo."

Fundi alimgeukia binti yake. "Chuo ulisoma nini wewe?"

"Baba, unajua."

"Nataka afande asikie. Ulisoma nini?"

"Mawasiliano kwa umma."

"Miaka mitatu," fundi alisema. "Na hilo la saini hawakuwafundisha?"

"Walifundisha." Binti alikuwa akizungumza na sakafu. "Lilikuwa kwenye mtihani. Nililipata. Ila sikuona kama... Baba, ni watoto wanakunywa maziwa! Kila mtu anaweka watoto. Mwalimu aliyetufundisha mwenyewe ameweka wa kwake."

Mama Wengi alitoa simu kwenye mkoba na kuishika kwa vidole viwili. "Nifute sasa hivi. Zote. Mbele yako."

"Usiguse," sajini alisema. "Ni ushahidi. Ukifuta, hilo ni kosa jingine, na lile ni baya kuliko hili. Zitabaki hapo hapo mpaka kesi iishe."

"Watu waendelee kuziona?"

"Tumewaandikia wenye mtandao wazifunge watu wasizione. Watajibu. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa."

Mama Wengi alifungua simu, si kwa kufuta, kwa kutazama tu. Habari ilikuwa imeshazagaa. Kwa usiku mmoja ukurasa ulikuwa umepata wafuasi elfu tatu wapya. Walikuwa wakiipitia ile video ya soksi, wakiandika chini yake, wengine wakiwaelekeza wengine: *ndiyo hii, angalieni tundu*.

Siku tatu nyumba ilikaa na watoto sita badala ya kumi na wanne. Wazazi walioondoa watoto wao hawakugombana. Walisema mtoto ana mafua, au shangazi amekuja kukaa. Baba mmoja, yule yule aliyewahi kusema habari za chakula kuliwa, alisimama kizingitini na kudai aonyeshwe simu, apekue mwenyewe kuona wa kwake yumo mara ngapi. Mama Wengi alimpa simu. Alisimama pembeni kama mwanafunzi anayekaguliwa daftari, huku mwanamume huyo akihesabu kwa sauti hadi sabini na moja.

"Mbona ulikuwa unacheka chini ya hizi?" fundi alimwuliza, akitokea ndani na kuinamia simu. "Jina lako si hili?"

"Sikujua, bwana," baba yule alisema, akaondoka bila kumtazama.

Karani alikuja siku ya nne, saa sita mchana. Alikuwa ameacha teksi getini na injini inanguruma. Chiriku alionekana kwenye kiti cha nyuma, amebandika pua kwenye kioo, lakini mlango wa gari ulikuwa umefungwa.

Mama Wengi alikuwa ameshakusanya vitu: kikombe, mswaki, gauni la akiba, shuka, karatasi za michoro. Alivipanga mezani kwa unadhifu. Karani alivitia kwenye begi kimoja kimoja.

"Sajini ameniambia umeandika maelezo," Mama Wengi alisema.

"Nimeandika."

"Sikulaumu. Ulivyoandika ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo. Nimesema sikutoa idhini. Na nimesema nilikuwa ninazitazama." Karani aliikunja shuka mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena. "Kila siku mchana nilikuwa natoa simu kwenye droo dakika kumi, nakula huku natazama. Ile ya soksi niliitazama mara tatu. Nilimwonyesha daktari. Nilimwambia, mwone mwanangu."

"Mwanangu..."

"Nilikuwa nimejificha, na nikawa naweka moyo. Hilo nalo nimeliandika. Sajini alisema halihitajiki, nikamwambia aliache lilivyo."

Binti alitokea mlango wa jikoni, akasimama. Alitaka kusema jambo alilokuwa ameliandaa siku tatu, na alipomwona karani likampotea. Alisema tu, "Shikamoo, dada," na karani akaitikia, kwa kuwa mtu akikuamkia humwachi hivi hivi.

"Kazini umeaga?" Mama Wengi aliuliza.

"Nimeaga."

"Na chumba?"

"Nimerudisha ufunguo asubuhi."

Mama Wengi alilichukua begi ampelekee garini. Karani hakumpa, alilivuta taratibu upande wake. Walisimama hivyo kidogo, kila mmoja ameshika mpini mmoja. Na Mama Wengi, ambaye kwa miaka tisa alikuwa amewaaga wazazi wengi wanaohama, aliuliza kwa wema wote aliokuwa nao swali lile alilouliza siku zote:

"Kwa hiyo mnahamia wapi?"

Karani alimtazama. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa ya mtu anayesoma kibao asichokiamini, akakisoma mara ya pili. Mama Wengi alilisikia swali lake mwenyewe likiwa limeshatoka. Aliuachia mpini.

Karani alifunga zipu ya begi hadi mwisho, akalitia begani, akatoka. Getini alimwambia dereva neno moja, chini chini, mgongo ameuelekezea nyumba ili hata midomo yake isionekane.